Ziwa la Kwao Emérance

Zéphirin alikuwa mtu wa kubisha. Ukimwambia leo ni Jumanne, atatafuta kalenda kwanza, na akiikuta Jumanne kweli atauliza kalenda hiyo ilichapishwa wapi. Ndiyo maana majirani zake wa Likasi, walipomwona asubuhi moja ya Julai akifunga kamba za viatu vyake vya kazini, vile vizito vya ncha ya chuma, na kusikia kwamba anakwenda kupanda mlima ili akamwogeshe mjukuu kwenye ziwa, walicheka hadi machozi yakawatoka. Huyu? Huyu ambaye hata mvua haiamini mpaka imloweshe?

Lakini neno alikuwa amelitoa. Mkewe Emérance, aliyefariki mwaka uliopita, alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto Lufira, chini ya milima. Katika ukoo wao kulikuwa na desturi: mtoto wa kwanza wa binti yao hupelekwa juu, kwenye ziwa lililojificha kati ya miamba, na babu yake mzaa mama ndiye anayeingia naye majini hadi kiunoni na kumwogesha. Si baba, si mjomba, ni babu huyo tu. Asipofanya yeye hakuna mwingine wa kufanya, na mtoto anarudi nyumbani bila kuonyeshwa kwa watu wake. Emérance mwenyewe aliogeshwa humo. Christiane, binti yao, hakubahatika, kwa sababu alipozaliwa babu yake wa upande huo alikuwa ameshakufa. Jambo hilo lilimkaa Emérance moyoni kama mwiba, na alipokuwa kitandani hospitalini, Christiane akiwa na mimba changa, alimshika mumewe mkono akamwomba ampeleke yule atakayezaliwa. Zéphirin, ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kukubali neno bila kulipinga kwanza, siku hiyo alisema ndiyo papo hapo. Nadhani hilo lilimwogopesha Emérance kuliko ugonjwa wenyewe.

Basi walisafiri watatu: Zéphirin, Christiane, na mtoto Jenny mgongoni mwa mama yake, mtoto mnene aliyekuwa ameanza tu kujua kukaa. Doudou, baba wa mtoto, hakupata ruhusa kazini. Walichukua taxi-bus hadi upande wa Mwadingusha, wakaliacha bwawa la huko nyuma yao na kuendelea kwa pikipiki kwenye njia ya vumbi, wakafika kwa Ambroise, kaka yake Emérance. Ambroise alikuwa mkatekista, mtu mwembamba wa kucheka kwa mabega, na rozari haikumtoka shingoni hata alipokuwa analima. Hakuona tatizo lolote kati ya rozari na ziwa. Mtoto ameshabatizwa parokiani, alisema, sasa anakwenda kusalimia ukoo, na Mungu anajua njia zote mbili.

Asubuhi walianza kupanda. Baridi ya Julai ilikuwa ya kuuma meno. Majani yalikuwa na umande mweupe, na kila mmoja alikuwa anatoa moshi mdomoni. Njia ilipita kwanza kati ya miti ya miombo iliyopukutisha majani, kisha ikainuka kwenye mawe, na baada ya hapo ikasahau kabisa kuwa ni njia. Ambroise alitangulia na fimbo yake. Zéphirin alikuja mwisho, akihema, akisimama kila mara kwa kisingizio cha kutazama mandhari.

"Shemeji," Ambroise alimwita kutoka juu, akivinyooshea fimbo vile viatu vya kiwandani, "ile botte yako inapanda mulima ao inaenda ku usine?"

"Botte iko botte," Zéphirin alijibu alipopata pumzi. "Jiwe ikianguka hapa, tutaona nani njo atalia."

"Jiwe haijaanguka toka ba nkambo, bazee ba zamani."

"Basi iko karibu kuanguka."

Christiane alicheka hadi mtoto akaamka. Muda wote wa kupanda alikuwa na furaha ambayo baba yake hakuwa ameiona usoni mwake tangu mazishi, na Zéphirin, hata alipokuwa anasaga meno kwa maumivu ya miguu, alijisemea kwamba kwa furaha ile tu angepanda hata mlima wa pili.

Miguu yake ilikuwa na historia. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha kusafisha shaba, mahali ambapo mawe yaliyosagwa hulowekwa kwenye asidi hadi shaba itoke na kuyeyuka ndani ya maji. Maji hayo huwa ya buluu. Buluu nzuri sana, ya kumfanya mgeni asimame na kushangaa, na ndiyo sababu wageni hawakuachwa wasimame peke yao. Urbain, rafiki yake wa zamu, aliteleza siku moja mguu mmoja ukaingia, na ngozi ikatoka pamoja na soksi. Zéphirin ndiye aliyemvuta, na matone yaliyomrukia siku ile yaliiacha ngozi ya miundi yake nyembamba kama karatasi ya sigara. Nyumbani nako, nyuma ya nyumba za wafanyakazi, kulikuwa na mfereji ambao ulipogeuka buluu watoto walichapwa wakiusogelea tu, na bata waliousogelea hawakuhitaji kuchapwa. Christiane alikulia hapo. Kabla hajajua kusoma alikuwa amefundishwa jambo moja: ukiona maji yenye rangi hiyo, kimbia.

Karibu na kilele palikuwa na mawe mawili makubwa yaliyosimama kama miimo ya mlango. Ambroise aliwasubiri hapo, akavua kofia.

"Sasa musikilize muzuri. Kupita ile mawe mbili, hakuna kusema tena. Ata kukohoa, ukohoe ndani. Tunashuka kimya, tunapiga mikono mbele ya maji, kisha njo tunasema."

"Juu ya nini?" aliuliza Zéphirin.

"Juu ni vile."

"Vile njo sababu?"

"Papa," alisema Christiane, "kwa ajili ya mama."

Zéphirin akakubali kwa kichwa. Ambroise alimwonyesha jua, ambalo sasa lilikuwa limepita utosini, kisha akaonyesha ukuta wa mwamba ulioinuka upande wa magharibi. Kumwogesha mtoto ni wakati jua liko juu ya maji, alieleza. Kivuli cha mwamba ule kikishuka na kuvuka hadi mawe ya upande huu, basi, imekwisha, na mtoto aliyeletwa akakosa haletwi mara ya pili.

Wakapita. Njia iliingia kwenye upenyo, ikapinda, na pale ilipopinda dunia ikafunguka. Chini yao, katikati ya miamba myekundu, bila mti wala nyumba wala mtu, kulikuwa na maji. Yalikuwa ya buluu. Hayakuwa na mtikisiko hata mmoja, na buluu yenyewe ilianzia ukingoni ikiwa nyepesi na kuzidi kukolea hadi katikati, ambapo ilikuwa nzito kiasi kwamba jicho lilishindwa kuendelea. Christiane alisimama, mkono mdomoni. Machozi yalimlengalenga.

Na Zéphirin akapiga kelele.

"Reculez! Reculez! Murudie nyuma! Acide!"

Alikuwa ameshatanua mikono, ameshamsukuma binti yake kifuani, ameshasimama kati yake na maji. Sauti yake ya kiwandani, iliyozoea kushindana na mashine, ilizunguka miambani na kurudi: acide, acide, acide. Ndege fulani wakaruka ng'ambo. Jenny akaanza kulia.

Ambroise alikaa chini juu ya jiwe taratibu, kama mtu aliyepokea habari ya msiba.

"Shemeji," alisema hatimaye. "Toka ba nkambo, hakuna muntu alishafungua kinywa hapa mbele ya kupiga mikono."

"Huoni ile rangi?" Zéphirin aliyanyooshea maji kidole. "Ile ni maji ya mukuba, ya shaba! Nilitumika mu ile maji maisha yote, naijua kuliko sura yangu. Christiane, shika mutoto, usimushushe."

"Papa, huku hakuna usine."

"Kuko bantu. Leo bantu banachimba kila fasi."

"Huku nani atachimba?" aliuliza Ambroise. "Nyani?"

"Mama alioga humu," Christiane alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini lakini haikuyumba. "Na ngozi yake, si njo weye ulikuwa unaisifu?"

Zéphirin aligeuka, akamtazama binti yake na mtoto. Alitaka kutimiza neno lake. Alilitaka kuliko kitu chochote. Lakini kila alipotazama maji yale aliuona mguu wa Urbain, kisha aliiona miguu ya Jenny, minene, yenye mikunjo, ambayo hata jua bado halijaijua vizuri, na mikono yake ilikataa. Angeweza kumdanganya marehemu. Kumtia mtoto kwenye buluu ile hakuweza.

Kivuli cha mwamba kilikuwa kimeanza kuingia majini upande wa mbali.

"Nipe kisu," alimwambia Ambroise.

"Ya nini?"

"Nipe tu."

Ambroise alimpa kisu chake cha kumenyea mihogo. Zéphirin alishuka peke yake hadi ukingoni, akawakataza wengine kwa mkono wasimfuate, akachuchumaa na kuanza kusugua ubapa wa kisu kwenye jiwe la mchanga hadi kutu yote ikaondoka na chuma kikang'aa. Kule kiwandani kila mtu aliijua kazi hii. Shaba iliyo ndani ya maji hupenda chuma. Ukitia msumari au bati humo, shaba inatoka majini na kukaa juu yake, na ukiuinua unauona umevaa koti jekundu. Maji yanaweza kumdanganya mtu, hayawezi kukidanganya chuma. Alikitumbukiza kisu, akakishikilia kwa ncha za vidole viwili, akangoja.

Kungoja ndiko kulikomshinda. Mtu anayengoja hana budi kutazama, na Zéphirin, ambaye kwa miaka yote alikuwa ameitazama buluu kwa jicho la mlinzi anayemtazama mwizi, sasa alilazimika kuitazama kutoka umbali wa mkono. Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba aliona hadi chini. Kulikuwa na mawe huko, moja moja, na kila jiwe lilikuwa na kivuli chake. Kati ya mawe kulikuwa na majani membamba ya kijani yaliyosimama wima, na kati ya majani kitu kidogo kilicheza. Akainama zaidi. Samaki. Vifaranga vya samaki, wadogo kama kucha ya mtoto, kundi zima, walikuja wakagusa kisu kwa midomo yao, wakaona si chakula, wakaondoka bila haraka.

Kwenye maji ya kazini kwake hakuna kilichowahi kuishi. Hata mbu hawakuyataka.

Kereng'ende mwekundu alitua juu ya kiwiko chake akapumzika. Ng'ambo, wale ndege aliowafukuza kwa kelele zake walirudi mmoja mmoja, wakashuka hadi ukingoni, wakainamisha vichwa, wakanywa. Kisha wakainua midomo juu, na koo zao zikapanda na kushuka. Wingu moja lilipita angani, na Zéphirin aliliona likipita chini pia, majini, polepole, likivuka mawe na majani na samaki bila kuwasumbua, na alipoinua macho kutazama lile la juu, akarudi kutazama la chini, ndipo alipotambua buluu yote ile imetoka wapi. Haikuwa imemwagwa na mtu. Ilikuwa mbingu, imeshuka imejaza shimo la mlima hadi ukingoni, na kina cha maji kimeishika. Alijiona mdogo, mdogo kabisa, mwenye viatu vikubwa vya kijinga, na hakuchukia kujiona hivyo. Alisikia hofu, lakini ilikuwa hofu ya kanisani wakati kengele inapigwa na watu wote wanapiga magoti, si ile ya kiwandani.

Akakitoa kisu. Kilikuwa cheupe. Alikigeuza, akakipangusa kwa kidole gumba, akakinusa, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Chuma, basi.

"Haya?" Ambroise aliita kutoka juu. Kivuli kilikuwa kimefika katikati ya ziwa.

"Kisu inasema ndiyo."

"Na weye?"

Zéphirin alikaa juu ya jiwe. Alifungua kamba za viatu vyake, akavivua, akavua soksi, akakunja suruali hadi magotini. Ile ngozi nyembamba ya miundi yake, iliyokuwa ikiwashwa hata na maji ya sabuni, ilionekana wazi mbele ya shemeji yake kwa mara ya kwanza, na Ambroise, aliyekuwa tayari na mzaha mdomoni, aliumeza. Zéphirin akapiga moyo konde, akaingia.

Baridi ilimkata hadi mfupani. Akasimama na kungoja kuungua. Aliijua ile namna: kwanza kama kuguswa na upupu, kisha joto, kisha moto wenyewe. Alingoja kwa meno yaliyobana. Hakukuja kitu. Baridi tu, na mchanga laini kati ya vidole vya miguu, na wale samaki wadogo wakirudi kumpekua. Alipiga hatua nyingine, na nyingine, suruali ikalowa, maji yakamfika kiunoni, na bado hakukuja kitu. Hapo kitu fulani ndani yake, kilichokuwa kimekaza tangu siku aliyomvuta Urbain, kikalegea.

Akageuka akanyoosha mikono.

"Munipe mutoto," alisema. "Mbio, kivuli inakuja!"

Christiane alishuka akikimbia, akifungua kitenge huku anakimbia. Ambroise akamshika kiwiko: kwanza mikono. Basi wakasimama wote watatu, Zéphirin akiwa majini, wakapiga makofi ya taratibu, viganja vikiwa na mwinamo, na Ambroise akaomba radhi kwa sauti kwa niaba ya shemeji yake, ambaye, alisema, ni muntu ya usine, masikio yake imeharibika, asihesabiwe. Kisha Christiane akaingia hadi magotini na kumkabidhi baba yake mtoto aliye uchi na anayetoa mvuke.

Jenny alipoguswa na maji alivuta pumzi moja ndefu, macho yakamtoka, akalia kilio ambacho miamba ilikipokea na kukipeleka mbali na kukirudisha. Zéphirin alimzamisha hadi kifuani, akamwagia kichwani kwa kiganja, akamwosha mabega, mgongo, ile miguu yenye mikunjo. Alikuwa anafanya haraka, jicho moja kwenye kivuli. Desturi ilimtaka aseme mtoto ni wa nani, kwa sauti ya kusikika.

"Huyu ni Jenny," alisema. "Wa Christiane." Jina lililofuata hakuwa amelitamka kwa sauti tangu makaburini. "Wa Emérance."

Emérance, ikajibu miamba, na tena, kwa mbali, Emérance.

Mtoto akanyamaza. Alitazama maji yaliyomzunguka, akainua kiganja, akayapiga. Yakamrukia usoni. Akayapiga tena, akacheka, meno yake mawili yakionekana, na Ambroise naye akacheka kwa mabega yake yote hadi rozari ikaruka kifuani.

Christiane alimchukua, akamfunga kwa kitenge na blanketi, akampakata juani. Lakini Zéphirin hakutoka. Alisimama pale pale, mikono ikielea juu ya maji mbele yake, kama mtu aliyesahau alikuja kufanya nini. Walimwita mara ya kwanza, hakusikia.

"Papa! Utashikwa na baridi. Toka!"

"Christiane," alisema bila kugeuka. "Minye nilizani Mungu aliumba ile rangi ya kuonya bantu. Ya kusema musikaribie. Sikujua kuko ingine." Alipitisha kiganja juu ya maji. "Mama yako alikuwa anajua. Juu ya nini hakuniambia?"

Christiane alimtazama baba yake, mzee aliyelowa hadi kifuani, mabega yamemlegea.

"Alikuambia, papa. Mara mingi. Alisema maji ya kwabo iko na rangi ya mbingu. Weye ulimujibu maji haina rangi."

Zéphirin akakumbuka. Alikumbuka jiko, moshi wa makaa, Emérance akisonga bukari na kusimulia huku amempa mgongo, na yeye mezani akimsahihisha. Safari hii hakuwa na la kubisha. Aliinama, akachota buluu ile kwa viganja viwili, na ilipokuwa viganjani haikuwa na rangi yoyote. Akaitazama, akainywa, akachota tena akanywa. Kisha akalia waziwazi mbele ya shemeji yake, hadi kivuli kilipovuka ziwa na kumfikia, ndipo Ambroise akavua viatu na kuingia kumtoa.